Majira ya Wageni Ziwa Bunyonyi

Ijumaa, 7 Juni 2024. Mutukula hadi Kabale

Basi la kutoka Bukoba lilifika Mutukula jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Siku hizi mhuri wa kutoka na wa kuingia hugongwa mahali pamoja, kwa hiyo foleni haikunichelewesha. Ofisa wa Uganda aliniuliza naenda kufanya nini Kabale. Nikamjibu, "Kupokea wageni kambini, ziwani." Akatazama sweta langu jepesi, akasema, "Nyabo, tafuta jingine."

Nilishuka Masaka na kusubiri basi la Kampala kwenda Kabale kwenye kivuli cha duka la vipuri. Kuanzia Mbarara nchi inabadilika. Tambarare za ng'ombe wenye pembe ndefu zinaisha, na ukishapita Ntungamo barabara inaanza kuzunguka vilima vilivyolimwa matuta kuanzia bondeni hadi kileleni. Giza lilitukuta njiani. Nimelala mjini Kabale, mablanketi mawili juu yangu, na bado nilihisi baridi miguuni.

Jumamosi, 8 Juni. Kambini

Kutoka Kabale hadi Rutinda, kwenye maegesho ya mitumbwi, hakufiki kilomita 10, lakini bodaboda lazima ikwee mlima mzima kwanza ndipo iteremke upande wa pili. Ukifika mgongoni mwa mlima, ziwa linafunguka lote chini yako: maji ya kijani kibichi, visiwa 29, na vilima vinavyoingia majini moja kwa moja bila ufukwe. Tuko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Zamani palikuwa bonde lenye mto. Lava ya volkano ikaziba njia ya maji, bonde likajaa, vilele vikabaki kuwa visiwa. Ndiyo maana hapa hakuna kina kifupi cha kuchezea. Hatua mbili kutoka ukingoni, huna pa kukanyaga. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotakiwa kumwambia kila mgeni kabla hata hajafungua hema lake.

Mwenye kambi ni mama wa makamo, Mkiga, yaani wa kabila la wenyeji wa huku, ambaye kila mtu humwita Maama. Amenichukua kwa msimu huu kwa sababu malori ya watalii yanayotoka Nairobi na Arusha huja na madereva na wapishi wanaosema Kiswahili, na familia za Kenya na Tanzania nazo zimeanza kuja zenyewe. Yeye ana Rukiga na Kiingereza. Kihaya changu kinanisaidia kuisikia Rukiga robo tatu, na robo iliyobaki naiuliza.

Tumekuwa watu wanne wa Kiswahili hapa. Mlinzi ni mwanajeshi mstaafu kutoka Yumbe, kule West Nile. Tunamwita Afande, na Kiswahili chake alikipata jeshini, kifupi na cha amri. Jikoni yuko mama kutoka Rutshuru, Kongo, aliyevukia mpaka wa Bunagana mwaka 2022 vita vilipofika kwao. Kijana wa boti ni mwenyeji kabisa. Kiswahili amekiokota kwa madereva wa malori ya mizigo wa barabara ya Katuna. Nilipomwamkia Afande "Shikamoo", alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Jambo." Mama Jikoni ndiye aliyecheka, akanipa uji wa mtama, bushera, ukiwa moto. "Kunywa, dada. Baridi ya huku inauma."

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwa makusudi, nione ziwa likianza siku yake.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kiasi kwamba kisiwa cha jirani hakikuonekana. Nilisikia makasia kabla ya kuona mtu. Kisha mitumbwi ikatoka mmoja baada ya mwingine, ya gogo la mkaratusi lililochongwa, mirefu na myembamba. Wa kwanza ulikuwa na magunia manne ya viazi na mwanamke mmoja nyuma. Wa pili ulibeba mbuzi wawili na mzee. Wa tatu ulijaa watoto wa shule, sare za buluu, mabegi mapajani, na mkubwa wao, ambaye sidhani alizidi miaka 13, ndiye aliyeshika kasia. Niliwahesabu wakiwa tisa. Ukingo wa mtumbwi ulikuwa juu ya maji kwa upana wa kiganja changu. Hakuna hata mmoja aliyevaa jaketi la kuokolea maisha.

Nyuma yangu, ukutani kwa banda la boti, yalining'inia majaketi ya rangi ya machungwa, mapya, yakisubiri wageni waamke.

Kijana wa boti alinikuta nimesimama pale. Nikamuuliza kama kila siku ni hivi. "Dada, hii ndiyo barabara yao," alisema. Sokoni wanakwenda kwa mtumbwi, kanisani kwa mtumbwi, zahanati kwa mtumbwi, na maiti huvushwa kwa mtumbwi. Tangu leo, hotuba yangu ya kukaribisha wageni nimeiongezea sentensi: mtakapoona mtumbwi wenye mzigo, ninyi ndio mnaopisha.

Jumapili, 16 Juni

Uganda wamesali Iddi leo. Afande alikwenda msikitini Kabale alfajiri akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, akarudi mchana na kipande cha nyama ya mbuzi kwa kila mmoja wetu. Mama Jikoni, ambaye ni Mkatoliki, alikipika kwa vitunguu vingi na nyanya, tukala pamoja chini ya mkaratusi. Kisha honi ikalia juu mlimani: lori la kwanza la watalii.

Wazungu ishirini na wawili, dereva Mkenya na mpishi wa Arusha. Mpishi aliposikia nimetoka Bukoba aliuliza kama nimebeba kahawa. Nilikuwa nayo. Kuanzia hapo jiko lake na letu likawa moja.

Jioni wageni waliomba mitumbwi. Mtumbwi wa hapa una tumbo la mviringo, na kasia ni moja moja. Ukipiga maji upande mmoja bila kujua, unazunguka palepale. Kila mgeni huzunguka. Kijana wa boti huwafundisha kwa subira ambayo sijaiona kwa walimu wengi: kasia liingie wima, karibu na ubavu, na mwisho wa pigo ligeuzwe nje kidogo kama usukani. Anayekaa nyuma ndiye anayeelekeza, wa mbele anasukuma tu. Mama mmoja Mjerumani mwenye umri wa bibi yangu alilipata kabla ya vijana wote, akakata ziwa hadi kwenye mafunjo na kurudi mstari umenyooka. Watoto waliokuwa wakichota maji walimpigia makofi.

Jumatano, 26 Juni

Familia ya Nairobi iliyotarajiwa leo imepiga simu: hawatoki nyumbani. Jana waandamanaji waliingia bungeni kwao na watu wamepigwa risasi. Baba wa familia alizungumza kwa sauti ya chini, akaomba tumwekee nafasi mwezi wa nane. Maama hakuuliza habari ya malipo. Alisema tu, "Waambie walale salama."

Jumatatu, 1 Julai

Kuanzia leo kibali cha kuwaona gorila kwa mgeni asiye mkazi kimepanda kutoka dola 700 hadi 800. Jana watu wengi waliwahi Bwindi, msitu wa gorila, kwa bei ya zamani, na mimi na Mama Jikoni tulikuwa jikoni tangu saa tisa usiku tukichemsha mayai na viazi. Lazima waondoke hapa saa kumi, maana kwenda Ruhija, upande mmoja wa msitu huo, ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa barabara ya milimani, na maelekezo ya wahifadhi hayamsubiri mtu. Kundi moja la gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja tu, na mwenye umri chini ya miaka 15 haruhusiwi.

Wanaporudi jioni, matope hadi magotini, huwa hawasemi sana. Nimejifunza kuwapa maji ya moto kwanza na maswali baadaye.

Usiku hapa kipimajoto cha ofisini kilionyesha nyuzi 10. Nimenunua sweta jingine.

Alhamisi, 11 Julai. Akampene na Bwama

Leo nimepeleka wageni visiwani mwenyewe: wauguzi wanne wa kike kutoka Dar es Salaam waliojichanga kwa mwaka mzima ili waje huku. Walikuwa na furaha ya kuambukiza. Waliimba tangu tulipong'oa nanga.

Akampene ni kisiwa kidogo mno. Nyasi, mti mmoja uliokauka, basi. Waongozaji wengi hukisimulia haraka haraka na kwa kicheko, na nimeshasikia boti ya jirani ikiangua vicheko pale. Mimi nilimwomba kijana azime injini mbali kidogo, kisha nikasimulia polepole. Kwa Wakiga wa zamani, hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliletwa hapa na kuachwa. Mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe ndio waliokuwa mali ya familia, hivyo mimba ile ilihesabiwa kuwa hasara na aibu kwa pamoja. Hakuachiwa chakula. Wengi hawakujua kuogelea, na waliojaribu walizidiwa na maji. Mwanamume maskini asiye na ng'ombe wa kulipia mahari aliweza kuja na mtumbwi na kumchukua mke.

Hapo ndipo waongozaji huchekesha: "mke wa bure". Sitaki kabisa kusikia neno hilo kwenye boti yetu, na nimemwambia kijana hivyo. Msichana aliyekuwa amekaa na njaa kwenye nyasi zile hakuwa na lolote la kuchagua. Na aliyempa mimba alikuwa nyumbani kwake, anakula.

Muuguzi mmoja alikuwa ameinua simu apige picha yake na kisiwa nyuma. Akaishusha. Mwenzake aliuliza, "Nani alikuwa anawaleta?" Kijana wa boti akajibu kabla yangu: ndugu zao wenyewe. Baba, kaka. Walikaa kimya kwa muda mrefu, kisha mkubwa wao, ambaye ni mkunga, akaanza kusimulia wasichana anaowapokea wodini, wa miaka 15, wa miaka 16, waliofukuzwa nyumbani na begi moja. Safari yetu ilikoma kuwa matembezi pale, na sikuona sababu ya kuirudisha.

Bwama iko umbali wa makasia machache. Daktari mmisionari Mwingereza, Leonard Sharp, aliyefika Kabale mwaka 1921, alianzisha hapo kituo cha wenye ukoma mwaka 1931. Wagonjwa waliofukuzwa vijijini walivushwa wakaishi kisiwani: walilima, walijenga, walisali, walitibiwa. Yeye na familia yake walikaa kisiwa kingine kidogo, Njuyera, na kuvuka kwa mtumbwi kwenda kazini. Mkunga wetu alitaka kujua waliwatibu kwa dawa gani enzi hizo, tukazungumza jinsi dawa za mchanganyiko za miaka ya 1980 zilivyobadilisha kila kitu, mgonjwa akawa anatibiwa akiwa kwao. Kituo kilifungwa. Sasa Bwama kuna shule, na tulipofika ilikuwa mapumziko ya saa nne. Wanafunzi walijaa gatini, wengine wakipanda mitumbwi kwenda kisiwa cha pili.

"Hawa hawana majaketi?" mkunga aliniuliza. Yeye alikuwa amevaa la kwetu, limefungwa hadi kidevuni.

Jumapili, 21 Julai

Mwezi mpevu. Hakuna aliyewasha taa. Kijana wa boti alisimulia watoto wa wageni habari za Bucuranuka, kisiwa kilichopinduka: watu walikuwa wakinywa pombe ya mtama, bibi kizee akapita akaomba kinywaji, wakamnyima na kumfukuza, alipovushwa ng'ambo, kisiwa kikajigeuza juu chini na wote wakazama, akapona kuku peke yake kwa kuruka. Watoto walitaka kujua kuku alikwenda wapi. Afande, aliyekuwa kimya jioni nzima, alisema, "Yumbe." Wote wakamwamini.

Jumatano, 24 Julai

Ziwa hili asubuhi ni kioo. Kuanzia saa nane mchana upepo huteremka toka mlimani, na kuna siku unakuja bila kupiga hodi. Afande huwa anasema, "Hii maji haina adabu saa ya mchana," na baada ya saa saba mitumbwi yetu hufungwa mnyororo.

Vijana wawili waliotoka Kampala jana walikuwa wamekunywa muramba, pombe ya mtama, tangu asubuhi kwenye banda la jirani. Tuliwakatalia mtumbwi. Wakaenda kukodi kwa mtu mwingine ukingoni, na majaketi tuliyowapelekea mbio mbio wakayatupa kwenye nyasi, eti yanabana.

Walikuwa wamefika katikati ya kambi yetu na ng'ambo pale upepo ulipogeuka. Niliona kila kitu kutoka ngazi ya juu ya kambi. Mtumbwi ulikaa ubavu, mawimbi mafupi yakaanza kuingia, mmoja akasimama. Hapo ndipo ulipolala. Kijana wa boti alikuwa ameshavuta kamba ya injini kabla sijamaliza kupiga kelele, lakini injini iligoma mara mbili, na mara mbili hiyo ni muda mrefu sana mtu akiwa majini.

Aliyewafikia kwanza ni mwanamke wa magunia ya viazi, yule wa asubuhi yangu ya kwanza. Alikuwa anarudi kutoka gulioni, mtumbwi mtupu. Hakuharakisha wala hakupaza sauti. Alikuja upande ambao upepo unatoka, akaacha mtumbwi wake usukumwe kuelekea kwao, akalaza kasia juu ya maji, akamnyooshea wa kwanza. Hakumwacha apande, angempindua na yeye. Alimwonyesha kwa mkono ashike ncha ya nyuma atulie. Wa pili alikuwa ameukumbatia ule mtumbwi uliojaa maji, maana gogo la mkaratusi hata likijaa bado huelea. Naye akamwambia asiuachie. Kisha akakaa pale, kasia tu likizuia mitumbwi isigongane, hadi boti yetu ilipofika.

Jikoni, vijana wale walitetemeka saa nzima ndani ya mablanketi. Mama Jikoni aliwapa chai ya tangawizi bila kusema neno, na kwake yeye kutosema neno ni karipio kubwa.

Nilimfuata yule mama ukingoni nimshukuru. "Webare munonga," nilisema, na nikataka kumpa bahasha ya Maama. Aliipokea, akaikunja, akaiweka kwenye kitambaa kiunoni. Kisha akaonyesha ukuta wa banda, akazungumza haraka na kijana akanitafsiria: "Anauliza, yale mavazi yanalala ukutani usiku kucha na asubuhi yote. Wageni wanayatupa kwenye nyasi. Mwanangu anavuka kila siku. Kwa nini yasivuke naye?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia swali lake nitalipeleka kwa Maama, na usiku huohuo nikalipeleka.

Ijumaa, 2 Agosti

Familia ya Nairobi hatimaye imefika: baba, mama, watoto watatu na bibi. Na siku yenyewe wameichagua vizuri, maana usiku ilikuwa fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki ya Paris. Maama alileta televisheni kutoka kwake, Afande akafunga antena kwenye mlingoti wa bendera, na kufika saa nne usiku watu wa vijiji vya jirani walikuwa wamekuja kwa mitumbwi, tochi vichwani, wamejaa hadi nje ya banda la kulia chakula.

Bibi wa Nairobi alikaa mbele kabisa, katikati ya Waganda watupu, na kutangaza kwamba yeye ni wa Kenya na hataki fujo. Mbio zilianza kwa kasi. Waethiopia watatu walishika usukani wa mbio kwa zamu, na Joshua Cheptegei wa Uganda alikuwa nyuma nyuma, ametulia, hata watu wakaanza kulalamika. Afande alirudia neno moja: "Bado." Zilipobaki mita chache zaidi ya mzunguko mmoja Cheptegei akafunguka, na banda lote likasimama, sikuona tena televisheni, niliona migongo. Dakika 26, sekunde 43.14, rekodi ya Olimpiki. Kijana wa Kapchorwa, milima ya Elgon. Wakenya kwenye mbio hizo waliambulia patupu, lakini bibi alinyanyuka akamkumbatia Afande, akasema, "Elgon ni yetu sote, mwanangu." Ni kweli: mlima huo una mguu mmoja kila nchi.

Watu hawakuondoka hadi saa sita. Maama alitoa viazi vyote vilivyokuwa vimechemshwa kwa ajili ya asubuhi.

Jumapili, 4 Agosti

Baba wa familia ya Nairobi amekuwa akiamka mapema kama mimi. Leo alisimama pale pale niliposimama mwezi wa sita, akaona mitumbwi ya kanisani ikipita na watoto wamebanana. Hakusema kitu mpaka chai ya saa nne. Kisha akatoa daftari na kuanza kuuliza kwa mtindo wa mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama: jaketi la mtoto ni kiasi gani, linapatikana wapi, watoto wanaovuka kutoka gati letu ni wangapi, nani atatunza.

Maama alikuwa ameshaniambia msimamo wake tangu ule usiku wa dhoruba. Majaketi ya wageni yana ukubwa wa watu wazima. Mtoto wa miaka 7 akiyavaa yanampanda usoni na kumziba pua, na jaketi lisilomtosha mtu ni hatari yenyewe. Alikuwa sahihi, nami nilimjaribisha mtoto wa jirani nikaona. Kwa hiyo yanahitajika mengine, madogo, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Kabale hayapo. Yanaagizwa Kampala.

Kijana wa boti alipiga hesabu ya watoto wa gati letu: 31. Baba wa Nairobi aliandika, akaweka fedha yake ya kwanza juu ya meza, akageukia meza za jirani.

Jumatano, 14 Agosti

Kila lori linalofika, dereva na mpishi wananisaidia kueleza. Kwa kweli wapishi hawa wa Arusha na Nairobi ndio wachangishaji bora. Wageni huwaamini kwa sababu wamekula chakula chao wiki tatu. Wauguzi wa Dar wametuma mchango kwa simu bila mimi kuwaomba, na mkunga akaongeza ujumbe wa sauti akieleza jinsi ya kumgeuza mtoto aliyezama na kumpulizia pumzi. Nimemsikilizisha kijana wa boti ujumbe huo, tukaufanyia mazoezi juu ya mto wa kulalia hadi akaweza.

Leo pia korongo wawili wenye taji wametua kwenye shamba la mtama lililovunwa. Nimewatazama muda mrefu nikiwa na ndoo mkononi.

Ijumaa, 23 Agosti

Shule zimefunga muhula wa pili. Ziwa lilijaa nyimbo asubuhi nzima, watoto wakirudi na masanduku ya bati. Upepo ulikuwa mzuri kwao.

Jumatano, 28 Agosti

Lori la mwisho la msimu limeondoka jana. Tumefua mablanketi yote, tumeyaanika juu ya ua wa michongoma, na Afande amechimba shimo jipya la choo upande wa juu, mbali na maji.

Saa tano gari kutoka Kampala lilileta magunia mawili. Majaketi 31. Maama aliita wazazi, nao wakaja, wengi wao akina mama, wakaketi kwenye nyasi. Mabishano yalikuwa marefu na ya haki. Yakitunzwa shuleni, yatabaki upande wa pili mtoto anapotoka nyumbani. Yakipelekwa majumbani, yatageuka mito ya kulalia. Mwishowe walikubaliana yakae gatini, kwenye sanduku lenye kufuli, yatolewe alfajiri na yarudishwe jioni, kila jina kwenye daftari. Muhula wa tatu unaanza 16 Septemba.

Ufunguo walimpa yule mama wa viazi, kwa kuwa ndiye anayetangulia majini kila asubuhi. Yeye kabla ya kuupokea aliomba gunia. Alitoa jaketi moja moja, akavuta kila mkanda kwa nguvu zake zote, akabofya na kubofua kila kifungo. Mawili aliyaweka pembeni, vifungo vyake vilikuwa vinateleza. Maama alimpigia muuzaji wa Kampala papo hapo, mbele ya watu wote, na hakukata simu mpaka alipoahidiwa mengine kabla ya Jumatatu.